Nyuma ya foklifti, pale kwenye lichuma na ekseli ya stelingi

Watu wengi wakiiangalia foklifti macho yanaenda mbele, kwenye masti, ile nguzo ya kupandishia mzigo, na yale meno yanayoubeba, na mimi nilivyoanza kazi nilikuwa hivyohivyo, nikiamini ufundi wote uko kule, cheni, rola, silinda za kunyanyulia, huku nyuma nikaona ni lichuma tu limepakwa rangi na chini yake vitairi viwili vya kukatia kona. Basi nikapangwa hukohuko nyuma. Kazi yetu ilikuwa kufungua mashine zilizochoka na kuzisuka upya, na nyingine zilikuja vipandevipande, chasisi peke yake, masti peke yake, uzito wa nyuma peke yake, sisi ndo tunazifunga. Wenzangu wanashika injini, wanashika pampu, mimi nakabidhiwa brashi ya waya na tambara nisugue chuma. Nilinuna wiki nzima.

Aliyenipokea alikuwa mzee mmoja, mtu wa maneno machache, na swali lake la kwanza nililiona la kitoto kabisa. Akaniuliza hii mashine ina matairi mangapi, nikamwambia manne mzee. Akasema sawa, imesimama kwa miguu mingapi? Nikamwangalia usoni nione kama ananitania. Nikajibu minne. Mashine ilikuwa imepandishwa nyuma juu ya stendi, akasogea akakanyaga tairi la kushoto kwa buti, likashuka, na la kulia likapanda. Ekseli nzima inacheza kama ubao wa bembea, imeshikwa na pini moja tu ya katikati. Haya niambie tena, miguu mingapi.

Mitatu. Matairi mawili ya mbele na ile pini. Mafiga matatu, basi. Ukichora mistari kuunganisha hizo sehemu tatu unapata pembetatu, ncha yake iko nyuma, na mashine itasimama tu pale ambapo uzito wake wote pamoja na mzigo unaangukia ndani ya hiyo pembetatu. Yale matairi ya nyuma hata yawe yameachana kiasi gani hayakusaidii kitu mashine ikianza kulala ubavu, mpaka ekseli igonge stopa zake kwenye chasisi, na ikifika hapo saa nyingi unakuwa umeshachelewa. Nilikuwa nimeshafanya kazi na foklifti miezi kadhaa na hilo sikulijua, na nimekutana na madereva wa miaka mingi hawalijui mpaka leo.

Toka siku hiyo akawa na swali lake moja ambalo lilinichosha mpaka nikawa nalisikia usingizini: uzito unapita wapi? Ukishika bolti, anakuuliza. Ukiweka jeki, anakuuliza. Ukisahau jibu unarudishwa kwenye brashi ya waya.

Hesabu yenyewe wala sio ngumu, ekseli ya mbele ndo katikati ya bembea, mbele yake mzigo na nyuma yake lile chuma. Chukua mashine ya kubeba tani 2.5. Hiyo tani 2.5 imehesabiwa mzigo ukiwa na kitovu chake milimita 500 kutoka kwenye mgongo wa meno, sasa toka hapo mpaka katikati ya tairi la mbele kuna kama milimita 450 nyingine, kwahiyo mzigo unavuta kama kilo 2,500 zimening'inia karibu mita moja mbele ya tairi. Mashine yenyewe tupu inakaribia tani 4 na katika hizo chuma cha nyuma peke yake kinapita tani moja. Ikiwa tupu nyuma ndo kuzito, zaidi ya nusu ya uzito wote uko kwenye ekseli ya stelingi. Ikibeba mzigo wake kamili mambo yanageuka, mbele kunabeba kama asilimia 85 mpaka 90 na nyuma kunabaki kidogo tu cha kushikisha matairi chini ili stelingi ifanye kazi. Ndo maana dereva akizidisha mzigo cha kwanza kukiona ni usukani kuwa mwepesi kama wa kuchezea watoto, matairi ya nyuma yanakuwa hayana cha kukanyagia.

Sasa haya nilikuwa nimeshayajua, nayasema kwa mdomo vizuri tu, na bado nikafanya ujinga.

Siku hiyo mzee hakuwepo. Tulikuwa na mashine yenye masti ya hatua tatu na mbele imefungwa klampu ya kubana mizigo, yaani mbele kote ni chuma juu ya chuma. Ekseli ya nyuma tulishaitoa jana yake, chasisi imelala juu ya stendi mbili nyuma. Masti ilikuwa imeinamia mbele kidogo, hakuna aliyejali. Kilichobaki ni kutoa uzito wa nyuma, mimi na mwenzangu tukasema tuimalize tumuonyeshe mzee.

Kwa asiyejua, lile chuma halishikwi na bolti kama watu wanavyodhani. Kwa mashine nyingi nilizoshika lina midomo miwili ndani ambayo inakaa juu ya kulabu za chasisi, linaning'inia pale, halafu bolti kubwa zinakuja kulivuta lisicheze. Kwahiyo kulitoa unafungua bolti, unalinyanyua kwanza wima litoke kwenye kulabu, ndo unalivuta nyuma. Tukafungua bolti, tukafunga pete mbili juu, tukaweka slingi, mwenzangu akaanza kuvuta cheni bloku, ile winchi ya mkono ya kunyanyulia. Cheni ikakaza. Ikakaza tena. Rangi ya miaka na kutu vilikuwa vimelishikisha lile chuma na chasisi kama vimechomelewa, na mimi nimeinama nachungulia kulabu nikaona kitu sijawahi kukiona, mwanga. Mstari mwembamba wa mwanga kati ya stendi na chasisi. Mkia mzima wa mashine unapanda pamoja na chuma.

Nikapiga kelele simama, ila mkono wa mtu akishaushusha kwenye cheni haurudi hapohapo, akavuta mara moja zaidi. Likaachia. Mlio wake sijui niufananishe na nini, chuma likaruka likaanza kupembea kurudi nyuma, chasisi ikashuka, stendi moja ikalala chini, na ile mashine badala ya kutulia ikawa kama mtu anayefikiria, ikasimama kidogo, halafu ikainama taratibu mbele mpaka klampu ikagusa sakafu. Haikuanguka, iliinama tu, ila tani nzima ikiinama taratibu inatisha kuliko ikianguka ghafla. Hakuna aliyeumia kwasababu hakuna aliyekuwa chini, na hiyo haikuwa akili yetu, ni bahati.

Mzee alivyorudi aliangalia ile stendi iliyolala, akaangalia klampu, akauliza swali lake. Hakuna aliyejibu.

Kilichotokea ni kwamba tuliondoa vyote vinavyovuta nyuma tukaacha vyote vinavyovuta mbele. Mashine ya kawaida ukitoa chuma tu na masti ikiwa imesimama wima inaweza ikabaki inakanyaga, kwa shida. Sisi tulitoa ekseli, tukatoa chuma, mbele kuna klampu na masti imelala, na juu ya yote tukaitingisha. Siku hizi sigusi bolti ya chuma cha nyuma kabla sijaweka magogo chini ya masti mbele na kuangalia matairi yamezibwa, na kama kazi ni kubwa masti inatoka kwanza. Na ukitoa masti kumbuka upande wa pili nao, chuma kikiwa kimebaki peke yake nyuma unaweka magogo chini yake, mashine isije ikakaa kitako. Kama chuma kimegandana na chasisi usiendelee kuvuta ukitegemea kitaachia chenyewe, legeza cheni, penyeza mtaimbo, gonga, weka mafuta ya kulainisha kutu, nenda kapumzike, rudi. Pia hizo pete za juu kwenye mashine tulizokuwa nazo ni za kunyanyulia chuma tu, sio mashine, kuna fundi alitaka kunyanyua foklifti nzima kwa kupitia hapo nikamzuia, akanuna kama nilivyonuna mimi.

Kurudisha chuma ndo kazi ninayoipenda mpaka leo ingawa ndo iliyoninyang'anya kucha ya kidole cha kati. Chuma kinakuja kimening'inia, kinazunguka kidogo kwa kivivu, unaona kabisa kama unaweza kukisukuma kwa mkono na kweli unaweza, tatizo huwezi kukisimamisha. Nilikuwa nataka kuona kama tundu la bolti limelingana, nikaweka kidole, ndio, kidole, kwenye tundu. Nikasikia tu baridi. Baadae mzee akanionyesha kitu ambacho angenionyesha siku ya kwanza ningekuwa na kucha zangu kumi: chukua bolti mbili ndefu za thredi zilezile, kata vichwa, chonga ncha kwa grainda, zifunge kwenye chasisi kwa mkono. Zinatokeza kama mikuki miwili. Chuma kikija unakielekeza kwenye hiyo mikuki, chenyewe kinateleza mpaka mahali pake, matundu yote yanalingana, unafunga bolti zako, unatoa mikuki, unaweka za mwisho. Mikono iko mbali, kazi ya mtaimbo inafanywa na mtaimbo. Na hakikisha chuma kinaning'inia sawa kabla hakijafika, kikiinama upande mmoja mdomo mmoja unashika kulabu mwingine unabaki hewani, utapambana nacho saa nzima.

Kabla hujakisukuma mwisho angalia rejeta. Kwenye mashine za injini hewa ya moto inatokea nyuma kupitia matundu ya chuma, na kati ya rejeta na chuma kuna sponji zinazoziba pembeni. Zinachakaa, zinatupwa, mtu anaona ni takataka. Tulishawahi kurudishiwa mashine inachemsha mara tatu, wakabadilisha thamostati, wakabadilisha pampu ya maji, kumbe sponji hazipo na feni inavuta hewa ileile ya moto iliyotoka kuitoa.

Sasa rangi. Hili ndo kosa langu mwenyewe, silisingizii kwa mtu. Kuna mashine nilitaka itoke inang'aa, nikapaka kila kitu, ndani nje, mpaka kwenye uso wa chasisi ambapo chuma kinakalia, mpaka kwenye mdomo wa kulabu, mpaka pale washa zinapokaa, na sikupaka moja, nilipaka tatu. Nikafunga chuma, nikapiga toki renchi, ile spana inayolia mkazo ukifika kipimo, bolti zote mpaka ikalia, nikaweka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti kama inavyotakiwa. Ilipendeza. Wiki chache baadae dereva akarudi anasema kuna kitu nyuma kinagonga, dugu, kila akipita kwenye mwunganiko wa sakafu. Nikamwambia ni ekseli. Nikaikagua ekseli, safi. Mzee akaja na tochi akamulika washa ya bolti ya chini, kuizunguka kuna vumbi jekundu laini kama ugoro. Akaligusa kwa kidole akanipaka kwenye kola.

Hilo vumbi ni chuma kinachojisaga chenyewe. Bolti ikiwa imekaza kweli vitu viwili vilivyoshikwa havisuguani, vinakuwa kama kimoja. Rangi nene ni laini, ikibanwa na tani moja inayorukaruka inajikamua pole pole inatoka pembeni, inapungua unene hata wa nywele tu, na kwa bolti unywele huo ndo mkazo wote umeondoka. Hapo chuma hakishikwi tena kwa kubanwa, kinaanza kuigonga bolti ubavuni kila tuta, na bolti kubwa kiasi gani haikuumbwa kugongwa ubavuni miaka. Tukafungua zote. Moja ilikuwa imeshaanza kuchanika chini ya kichwa. Nikasugua ile rangi yote niliyoipaka mwenyewe kwa furaha, brashi ya waya tena, mpaka chuma cheupe kionekane kwenye kila uso unaokutana, na bolti tukaweka mpya za daraja lilelile lililoandikwa kichwani, maana hapa 10.9 huwezi kuweka 8.8 ukasema unene ni uleule. Unene ni uleule kweli, nguvu sio ileile.

Ekseli sasa. Watu wanaogopa chuma kwasababu ni kizito, ila ekseli ndo yenye ujanja.

Ekseli ya kwanza niliyofungua peke yangu nilitoa bushi, yaani ile pete inayoizunguka pini ya katikati, nikaishika mkononi nikadhani imetengenezwa vibaya kiwandani. Upande wa chini mpya kabisa, mistari ya kuchongwa bado inaonekana. Upande wa juu umelika mpaka umekuwa mwembamba kama jani, ukiubonyeza unanesa. Nikampelekea mzee. Hakuniuliza swali lake safari hii, alininyooshea tu kidole juu, kwenye chasisi. Uzito unashuka toka juu unakaa kwenye pini, kwahiyo juu ndo kunakosuguliwa, chini hakuna kinachobanwa. Ila mbona grisi inapigwa kila wiki, kitabu cha sevisi kimesainiwa? Inapigwa ndio, mashine ikiwa imekaa chini, uzito umebana juu, grisi inaona njia rahisi ni chini inapita huko inatokea pembeni, mtu anaona grisi mpya imetoka anaridhika, na upande unaoumia haujapata hata tone. Toka siku hiyo ekseli naipiga grisi chasisi ikiwa imepandishwa, ekseli inaning'inia, halafu nampa mtu aitikise juu chini huku mimi napampu. Kingpini, zile pini za wima ambazo matairi yanageukia, hivyohivyo. Dakika tano zinaongezeka. Kuna mafundi wananicheka kwa hizo dakika tano, wanicheke tu.

Kuirudisha ekseli chini ya chasisi unaiingiza kwa jeki ya matairi, au juu ya kitoroli, unaipandisha mpaka pini ikae kwenye vitako vyake mbele na nyuma, halafu unafunga zile kofia kwa chini. Kati hapo kuna zile shimu, vibati vyembamba vya kuziba nafasi ya mbele na nyuma. Ukiweka chache ekseli inatembea mbele nyuma, utaisikia ikigonga kila dereva akibadilisha gia ya kurudi. Ukiweka nyingi inabana, haichezi tena, na ikibana umeshaondoa lile figa la tatu, mashine inakuwa ya miguu minne kweli na kwenye sakafu isiyo sawa tairi moja la nyuma linabaki hewani. Namna ninayopima mimi, baada ya kufunga kofia naushika upande mmoja wa ekseli natikisa juu chini, inatakiwa iende kwa mkono na uzito wake bila kukwama, halafu napenyeza mtaimbo niisukume mbele nyuma, hapo isiende, au iende kile kidogo tu ambacho kitabu cha mashine kinaruhusu. Na usichanganye shimu za mbele na za nyuma, ukizitoa zifunge kwa waya na uandike. Kofia nazo zina upande na zina mahali pake, zimechongwa pamoja na kitako chake, ukizibadilishana zinaweza zikaingia vizuri tu na zikakubana baadae.

Beringi za tairi zile za koni mbili, nyingi zinauliwa na mtu mwenye nguvu. Anafunga nati mpaka mshipa wa shingo unatokeza. Unatakiwa ukaze huku unazungusha habu ili zile rola zijipange, kisha unalegeza mpaka izunguke huru, kisha unarudia kukaza kidogo tu kwa kipimo, unafunga loki. Ikizunguka kwa uzito kidogo na haina mchezo ukiitikisa, acha, ondoka, usiiguse tena.

Halafu hosi. Kwenye mashine nyingi silinda ya stelingi iko palepale kwenye ekseli, ina hosi mbili zinazotoka kwenye obitroli, ile vali ya oili inayozungushwa na usukani, chini ya usukani, hakuna fimbo wala cheni inayounganisha usukani na matairi, ni oili tu. Hosi mbili zinafanana, nati zinafanana, urefu unafanana. Najua umeshaelewa. Nilizifunga, nikashusha mashine chini, nikapanda kwa mbwembwe, nikakata kulia, na foklifti ina tabia yake kwamba ukikata kulia mkia unarushwa kushoto, mimi nategemea mkia uende kushoto ambako kuna nafasi, mkia ukaenda kulia ukabusu meza ya vaisi. Taratibu, ila meza ya vaisi ilisogea na vyote vilivyokuwa juu yake vikashuka, na karakana nzima ikanyamaza, kisha ikacheka. Kwa mwaka mzima nikipanda mashine yoyote kuna mtu anashika ile meza.

Siku hizi hosi nazifunga utepe kabla ya kuzitoa, moja utepe mmoja nyingine mitatu, na jaribio la kwanza la stelingi linafanyika matairi yakiwa hewani. Injini ya chini, usukani pole pole mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, unarudia, hewa inatoka, mtu mwingine anaangalia tangi la oili, ukiona povu bado kuna hewa subiri. Hapohapo unaona kama matairi yanafika mwisho pande zote mbili sawasawa na kama hosi haisuguani na tairi ikiwa imekata mwisho, maana tairi la ndani la foklifti linageuka sana, karibu lisimame mstari mmoja na ekseli, hosi iliyoonekana iko mbali matairi yakiwa yamenyooka unaikuta imelaliwa.

Kitu kingine kinachoniudhi na nitakisema ingawa kinaudhi watu. Mwenye mashine anakuja anasema fundi nichomelee chuma kingine nyuma, mizigo yangu imezidi kidogo. Au hata hachomelei, anawapandisha vijana wawili watatu wasimame nyuma waikalie. Nimeona kwa macho, wamekaa wanacheka, siku mzigo ukishuka ghafla mkia unapigwa chini na wao wako juu yake. Na hata ukichomelea chuma, sawa nyuma haitanyanyuka, je masti, cheni, meno, ekseli ya mbele na breki umeziongezea nini? Zamani mkia ukinyanyuka ndo mashine ilikuwa inakwambia basi, sasa umeiziba mdomo. Na ikiwa tupu ule uzito wote wa ziada unakaliwa na ile pini yenye bushi nyembamba kama jani. Marekani kanuni ya OSHA, mamlaka yao ya usalama kazini, namba 1910.178 inasema wazi hakuna kubadilisha kitu kinachogusa uwezo au usalama wa mashine bila kibali cha maandishi cha aliyeitengeneza, na kibao cha uwezo lazima kibadilishwe nacho, na kwa kweli hata usipokuwa Marekani mvutano wa dunia haujali uko wapi. Mimi najibu sifanyi. Nimeshapoteza wateja wawili kwa hilo, mmoja alirudi.

Za umeme nazo zina mtego wake, betri ni sehemu ya uzito wa nyuma, kibao kinaandika betri isipungue kilo ngapi. Mtu anatoa betri ya risasi na asidi anaweka ya lithiamu ambayo kwa nguvu zilezile ni nyepesi, anafurahia chaji, na hajui kwamba ametoa mamia ya kilo kwenye bembea. Ikiwekwa ya namna hiyo kiboksi chake kinajazwa chuma mpaka kifike kilo za kwenye kibao. Kapime, usikisie.

Mashine ya mwisho tuliyotoa kabla mzee hajastaafu ilikuwa ya tani tatu, ekseli nimeifunga mimi, chuma nimekirudisha mimi, kucha zote zimebaki. Tukajaribu na mzigo wa kipimo, tukaunyanyua sentimita chache toka chini, nikalaza masti mbele, nyuma, nikakata kulia kushoto, mzee amechuchumaa anaangalia matairi ya nyuma. Hakusema kitu, na kwa yeye kutosema kitu ni kusifiwa. Nikamwambia dereva arudi baada ya wiki mbili nirudie kukaza bolti, akarudi baada ya miezi miwili kama walivyo madereva wote. Nikapita na toki renchi, ya juu kushoto ikalia haijasogea, ya juu kulia ikalia, ya chini kulia ikalia. Ya chini kushoto ikazunguka kama robo ya robo kabla ya kulia. Nikaifungua nione, nikageuza washa, na chini yake kulikuwa na ganda la rangi ukubwa wa ukucha, njano mbichi, rangi yangu mwenyewe.